Bujumbura: Maji Hupaa, Plastiki Hubaki

Bugarama

Anayeingia Bujumbura kwa barabara ya milimani huliona ziwa kabla hajaufikia mji. Bugarama iko zaidi ya meta 2,000 juu ya usawa wa bahari. Ukungu unatambaa mashambani, akina mama wamepanga karoti, kabichi na viazi kando ya lami, na baridi inamlazimisha mtu wa pwani kuomba shuka la pili. Kisha barabara inaanza kuteremka kwa kona zisizokwisha. Vijana wa baiskeli wanashuka kwa kasi na mikungu ya ndizi mgongoni mwa baiskeli zao, na wanaopanda wamejishikiza nyuma ya malori ili wavutwe. Masikio yanaziba, joto linapanda, na kwenye kona moja migomba inaachana: chini kuna uwanda wa Rusizi, mabati ya Bujumbura, na Ziwa Tanganyika lililonyooka hadi milima ya Kongo upande wa Uvira.

Mimi ni mzaliwa wa Bagamoyo. Nimeona ufuko wetu ukijaa chupa, kandambili na vipande vya nyavu za nailoni, na nimesikia wavuvi wakisimulia kasa aliyekufa kwa kumeza mfuko akidhani ni yavuyavu. Bahari yetu ina maji kupwa na maji kujaa, ina mikondo na pepo zake, na mara nyingi taka ya leo kesho haionekani tena, ingawa haijaenda mbali. Nilitaka kujua plastiki inafanya nini katika maji yaliyozungukwa na nchi kavu pande zote. Tanganyika ina urefu wa kilomita 670 hivi na kina cha meta 1,470. Ni la pili duniani kwa kina baada ya Baikal ya Urusi, na ndani yake mna karibu asilimia 17 ya maji baridi yote yaliyo juu ya uso wa dunia katika hali ya kimiminika. Burundi, Tanzania, Kongo na Zambia wanakunywa, wanavua na kusafiri humo. Kaskazini kabisa mwa maji hayo ndipo ulipo mji wa Bujumbura.

Buyenzi

Nilifikia Buyenzi, na hapo mtu wa pwani hahitaji mkalimani. Mitaa yake imepangwa kwa namba, adhana inasikika kutoka pande mbalimbali, na jioni barazani kuna kahawa, sambusa na mazungumzo ya Kiswahili kilichokuja na misafara ya karne ya 19, kutoka pwani hadi Ujiji na kutoka Ujiji kufuata mwambao wa ziwa. Wajerumani waliweka boma lao hapa mwishoni mwa karne hiyo, mji ukaitwa Usumbura. Wabelgiji wakauendeleza, na uhuru ulipokuja mwaka 1962 ukawa Bujumbura. Leo makao makuu ya kisiasa yako Gitega, lakini bandari na soko kubwa bado viko hapa.

Usiku ule niliandaliwa mukeke wa kuchoma, samaki ambaye watu wa Kigoma wanamwita mgebuka, pamoja na ugali wa muhogo na isombe, yaani kisamvu kilichotiwa mawese. Nyama yake ni imara, mafuta yake yanadondoka kwenye makaa, na chumvi na pilipili vinamtosha. Mwenyeji wangu, bibi mwenye umri wa mama yangu, aliniambia, "Kula mwanangu, huyu hapatikani kwenye bahari yenu." Ni kweli. Wengi wa samaki wa Tanganyika hawapatikani mahali pengine popote duniani, kwa sababu ziwa limejitenga kwa mamilioni ya miaka na viumbe wake wamekua kwa njia yao.

Asubuhi nilizunguka mtaani. Buyenzi ni mtaa wa mafundi: magari, viti, masufuria, redio. Nilisimama kwa fundi mmoja aliyekuwa akiziba dumu la njano la lita 20. Alipasha kisu kwenye jiko la mkaa, akakata kipande kutoka dumu lililokwisha kabisa, akakibandika juu ya ufa na kukiyeyusha taratibu kwa ncha ya kisu hadi pembe zote zikashikana. Kisha akajaza maji, akaliinua, akalikagua chini kwa kiganja. Kavu. "Hili litakaa mwaka mwingine, kaka," alisema, na mwenye dumu akalipa na kuondoka nalo kichwani.

Mtaa wa pili, Bwiza, vijana walikuwa wakishusha kreti za chupa tupu za bia na soda. Kampuni ya Brarudi imekuwa ikitengeneza bia mjini hapa tangu mwaka 1955, na chupa ya kioo ina rehani yake: anayetaka kuondoka nayo huacha fedha, na anayeirudisha hurudishiwa. Nilitazama mtaro uliopita mbele ya baa ile. Ulikuwa na chupa za maji za plastiki, vifuniko, vifuko vyepesi na soli ya kandambili. Chupa ya bia haikuwamo hata moja, wala dumu. Niliyaweka hayo moyoni, na kila nilikokwenda baadaye nilikuta jambo lilelile.

Daraja la Ntahangwa

Jumamosi asubuhi watu wa Bujumbura huanza na kazi za pamoja kabla ya kufungua biashara. Nilikuta kundi la wanaume na wanawake wenye majembe na fagio wakizibua mtaro karibu na Mto Ntahangwa. Mto huu unatoka vilima vya mashariki, unaukata mji katikati na kumwaga maji yake ziwani. Kiangazi ni kijito ambacho mtoto anavuka, na watu hushuka humo kuchimba mchanga na kokoto za ujenzi. Mvua ikinyesha milimani unageuka mto wa tope jekundu, unazitafuna kingo zake, na nyumba zilizokuwa mbali na korongo zinajikuta ukingoni. Mji huu unajua ukali wa maji: usiku wa kuamkia Februari 10, 2014, mafuriko katika mitaa ya kaskazini yaliua zaidi ya watu 60.

Mzee mmoja aliyekuwa amekusanya rundo la taka alinionyesha kwa jembe. Juu kulikuwa na chupa. Chini yake matabaka ya vifuko yaliyoshikana na mchanga, yamegandamana hata jembe likawa linayachana badala ya kuyachota. "Tunatoa leo, mwanangu," alisema. "Mvua ikipiga Jumatano, mto unatuletea za wa juu, na sisi tunawapelekea za kwetu wa chini." Nilimuuliza wa chini ni nani. Akaelekeza jembe magharibi, kwenye ziwa.

Burundi si nchi iliyokaa kimya. Agosti 2018 Rais alitia saini amri ya kupiga marufuku kuingiza, kutengeneza, kuuza na kutumia mifuko na vifungashio vingine vya plastiki, ikatolewa miezi 18 ya kujiandaa, na mwaka 2020 marufuku ikaanza kazi. Rwanda ilitangulia mwaka 2008, Kenya ikafuata 2017, na Tanzania Juni 2019. Sokoni Ruvumera niliona bahasha za karatasi, vikapu na mifuko ya kitambaa, na wauzaji hawakushangaa nilipotoa kikapu changu. Lakini vifuko vyepesi bado vinapenya, na chupa ya maji, ambayo kila msafiri na kila mgeni wa harusi anaishika, haina wa kuipokea ikishakuwa tupu.

Mzee na wenzake walimaliza, wakaliacha rundo kando ya mtaro lisubiri gari. Mahali pake ni Buterere, kaskazini mwa mji, liliko jalala. Gari likikawia, mvua inalitangulia.

Mdomo wa Rusizi

Magharibi mwa mji, njia ya Gatumba inapita kwenye tambarare yenye joto hadi Hifadhi ya Taifa ya Rusizi. Mto Rusizi hapa umegawanyika, umejaa matete na mafunjo, na maji yake ya rangi ya chai ya maziwa yanaingia polepole katika maji ya buluu ya ziwa. Ndani ya mtumbwi wa mwongoza wageni tuliona viboko wakiwa wametoa masikio na pua tu, nyangenyange kwenye kingo, na mamba mmoja mwembamba aliyejitosa kabla hatujamkaribia. Kila mtu hapa ana hadithi ya Gustave, mamba mkubwa aliyejulikana kwa kula watu.

Mwongoza wageni alisimamisha mtumbwi kwenye kona ya matete, akanionyesha kilichotegwa na mizizi: chupa, vipande vya povu la kufungashia vyombo vya umeme, kiatu cha mtoto, kamba za nailoni. "Mafunjo yanatusaidia kuchuja," alisema, "lakini yakielemewa yanang'oka na kwenda nayo." Kwenye kamba moja ndege mdogo alikuwa amenasa mguu na kufa. Alimchomoa, akaiviringisha kamba na kuitia kwenye ndoo yake, bila neno.

Taka hii haina uraia. Rusizi unatoka Ziwa Kivu, unapita Bukavu, na kwa sehemu kubwa ni mpaka kati ya Kongo na majirani zake. Pale Bukavu, kwenye bwawa la umeme la Rusizi, plastiki inayoelea kutoka Kivu imekuwa ikiziba mitambo na kuwaacha watu gizani, na wafanyakazi huiopoa siku hadi siku. Inayopita inakuja huku. Na tangu mwaka 2020 maji ya Rusizi na ya ziwa yamepanda mara kwa mara yakaingia Gatumba, yakafukuza maelfu ya watu kwenye nyumba zao. Maji yaliporudi nyuma yalichukua kila kilichokuwa uani. Nilipita kwenye nyumba zilizobaki kuta na mstari wa tope uliofika madirishani. Juu ya miiba ya uzio vifuko vilikuwa vimening'inia kuonyesha maji yalifika wapi.

Kajaga

Nilikwenda Kajaga jioni kuwaona wavuvi wakitoka. Mitumbwi inafungwa pamoja kwa boriti, wavu unapangwa katikati, na taa zinawekwa mbele. Ndagala, ambao Tanzania tunawaita dagaa, hushinda chini mchana na hupanda usiku kufuata vijidudu vidogo wanavyovila. Taa huwakusanya, na mukeke huwafuata. Giza lilipoingia upeo wote wa ziwa ulikuwa na taa, na ng'ambo zilionekana za Uvira.

Alfajiri mashua zilirudi. Wanawake walipokea ndoo na kumwaga ndagala mchangani, wakawatandaza kwa viganja hadi ufuko ukang'aa fedha. Niliinama na kumwangalia mmoja akichambua. Vidole vyake vilikwenda haraka: jani, kokoto, kipande cha plastiki cheupe chenye ukubwa wa magamba ya samaki, tena kipande, tena uzi wa nailoni. Vitu hivyo alivitia kwenye pindo la kanga yake. "Nikiviacha, mteja atadhani ni mapambo?" aliuliza, wala hakutabasamu. "Vikubwa naviona, dada zangu nao wanaviona. Vidogo vinaliwa."

Vidogo hivyo ndivyo vinavyonisumbua tangu nirudi. Jua na mawimbi huichana plastiki bila kuimaliza, hadi inakuwa chembe zisizofika milimita tano, na nyingine hazionekani kwa macho. Samaki anayechuja maji hawezi kuchagua. Watafiti waliowanunua sato 20 na sangara 20 katika soko la Mwanza, wakachapisha matokeo yao mwaka 2016, walithibitisha plastiki katika matumbo ya asilimia 20 ya kila aina. Lile ni Ziwa Victoria, lakini mitaro ya Mwanza na ya Bujumbura inafanana. Katika Tanganyika wamo samaki wa miambani ambao mama hulea mayai na vifaranga ndani ya kinywa chake, na wamo wadogo wanaoishi ndani ya makombe matupu ya konokono sakafuni. Kinachofika kwenye mchanga wao kinafika vinywani na nyumbani mwao.

Kuna jambo jingine linalolifanya ziwa hili liwe dhaifu kuliko ukubwa wake. Kuanzia kina cha meta 100 hadi 200 hivi kwenda chini, maji hayana oksijeni, na samaki hawezi kuishi humo. Pamoja na kina chake chote, uhai wa Tanganyika uko katika tabaka la juu. Humo ndimo mukeke anamowinda na humo vifuko vyepesi vinamoelea, na maji ya bomba ya Bujumbura nayo sehemu kubwa yanavutwa ziwani. Chupa ya maji iliyojaa huzama, maana plastiki yake ni nzito kuliko maji. Kifuko huelea hadi kiote mwani na uchafu, kisha nacho hushuka. Vikifika kwenye giza lisilo na hewa, huko hakuna samaki wa kuvigusa wala jua la kuvichana.

Mugere

Kusini mwa mji, kilomita 12 hivi, kuna jiwe kubwa juu ya kilima linalotazama ziwa. Limechongwa majina ya wasafiri wa Kizungu, Livingstone na Stanley, na tarehe ya Novemba 25, 1871. Walikutana Ujiji majuma machache kabla yake, wakapanda mtumbwi na wapiga makasia wenyeji kwenda kaskazini kutafuta jibu la swali moja: Rusizi unaingia ziwani au unatoka? Waungwana wa London walikuwa wamelibishania kwa miaka, wengine wakitumaini kwamba ndio mwanzo wa Nile. Wenyeji walikuwa wamekwisha kuwaambia wasafiri waliowatangulia, Burton na Speke, mwaka 1858 kwamba unaingia. Livingstone na Stanley walifika mdomoni, wakaona kwamba wenyeji walisema kweli.

Nilikaa chini ya jiwe lile hadi adhuhuri, upepo ukitoka ziwani, watoto wakiwachunga mbuzi kwenye mteremko. Ikiwa Rusizi unaingia, maji haya yanatoka kupitia wapi? Mwaka 1874 msafiri mwingine, Cameron, aliukuta Mto Lukuga upande wa Kongo, karibu na Kalemie ya leo, ukiwa umezibwa na majani. Stanley alipofika mwaka 1876 ulikuwa hautiririki vizuri. Miaka michache baadaye ziwa lilipanda, likaivunja ile kinga, na Lukuga ukaanza kwenda Lualaba, Mto Kongo na hatimaye Bahari ya Atlantiki. Hata leo Lukuga huchukua sehemu ndogo. Sehemu kubwa ya maji ya Tanganyika huondoka kwa kugeuka mvuke. Ziwa hili ni mtungi uliowekwa juani: maji hupaa, na kilichokuwa ndani ya maji hubaki.

Hapo ndipo nilipoelewa tofauti ya ziwa na bahari yangu. Umoja wa Mataifa unakadiria kwamba kila mwaka tani milioni 19 hadi 23 za plastiki huingia katika maziwa, mito na bahari za dunia. Baharini taka ya Bagamoyo inaweza kutupwa Mafia, na ya Asia ikatupwa Pemba, na kila mmoja akamlaumu mwingine. Hapa ng'ambo inaonekana kwa macho. Kilichotoka Bujumbura kiko mbele ya Bujumbura, au kwa jirani wa Uvira, Kigoma, Kalemie au Mpulungu, na kitawakuta wajukuu wao.

Nchi nne za ziwa zilikwisha kuahidiana. Juni 12, 2003, zilitia saini Dar es Salaam mkataba wa kulitunza Tanganyika, na mamlaka inayousimamia ina makao yake hapa Bujumbura. Dunia nayo ilikubaliana Nairobi, Machi 2022, kwamba uandikwe mkataba wa kuzuia uchafuzi wa plastiki. Mazungumzo ya Geneva ya Agosti 2025 yalivunjika bila muafaka. Maji hayasubiri Geneva.

Rumonge

Barabara ya kusini inabana kati ya mlima na maji. Inapita Kabezi, Magara na vijiji vya wavuvi, hadi milima inaporudi nyuma na michikichi kuanza. Rumonge ni mji wa mawese. Katika vinu vya vijijini chikichi zinachemshwa kwenye mapipa na kukamuliwa, mafuta mekundu yanatiririka yakiwa bado na moshi, na harufu yake inakufuata hadi sokoni. Huko nako Kiswahili kinatamba, na nilikula ndagala wabichi waliokaangwa kwa mawese hayohayo, pamoja na ndizi zilizopikwa na maharage.

Sokoni nilikuta chupa za maji za plastiki, mamia yake, zimeoshwa na kupangwa juu ya meza. Zilijazwa mawese na asali. Muuzaji aliniambia vijana humletea chupa tupu, naye huwalipa. "Yenye kifuniko chake ina bei nzuri kuliko isiyo nacho," alisema. Nilitembea kwenye mtaro wa soko lile nikitafuta chupa ya aina ile yenye kifuniko. Sikuiona. Vifuko na vikombe vilikuwamo, maana havina wa kuvinunua.

Niliyoyaona Buyenzi, Bwiza na Rumonge ni jambo moja. Dumu halifiki ziwani kwa sababu lina fundi, chupa ya bia haifiki kwa sababu ina rehani, na chupa ya maji haifiki pale tu ilipo na mama wa mawese anayeisubiri. Tabia ya watu ni ileile katika mitaa yote. Kinachotofautiana ni kama kitu kikiwa tupu kina bei au hakina. Kwa hiyo anayeuza maji katika chupa ya plastiki atoze rehani juu yake na kuipokea ikirudi, kama anayeuza bia anavyofanya tangu enzi za Wabelgiji, na kisichoweza kupewa rehani kisitengenezwe kabisa. Amri ya 2018 imefungua nusu ya njia hiyo. Nusu iliyobaki ni ya wauzaji, na wanunuzi wanaoweza kuwalazimisha.

Sisi wa pwani tunalo la kujifunza na la kutoa. Lamu, mwaka 2018, mafundi wakiongozwa na Ali Skanda walishusha majini Flipflopi, jahazi lililoundwa kwa plastiki iliyookotwa na kupambwa kwa kandambili 30,000, likasafiri hadi Zanzibar mwaka 2019 na baadaye kulizunguka Ziwa Victoria. Lilionyesha kwamba taka ina kazi. Bujumbura imenionyesha kwamba taka yenye bei haihitaji kuokotwa ufukweni.

Nendeni Bujumbura. Kuleni mukeke Buyenzi, pandeni hadi jiwe la Mugere, mkawaone wavuvi wa Kajaga wakiwasha taa. Na mkinunua maji, muulizeni mwenye duka atawalipa kiasi gani mkirudisha chupa. Siku wauzaji wa mji ule watakapokuwa na jibu la swali hilo, wa chini wa mzee wa Ntahangwa watakuwa wamepata haki yao.